Chuma Hakizeeki

Dodoma, 9 Machi 2025

Baba, shikamoo. Sisi hatujambo, sijui wewe na ng'ombe wako.

Nina mimba ya wiki tisa. Fredy anafurahi, mimi naogopa. Daktari anasema dawa yangu ya kuzuia damu isigande inaweza kumuua mtoto. Nikiiacha, damu itaganda kwenye hii vali ya chuma ya moyo inayogonga kifuani kama saa, nife mimi. Ameniuliza kwa nini nikiwa msichana wa miaka kumi na sita sikuwekewa vali ya ng'ombe, iliyoshonwa kwa ngozi ya moyo wake, isiyodai dawa hiyo maisha yote. Nijibu wewe uliyetia saini.

Mwanao, Aikande

Kirua Vunjo, 23 Machi 2025

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, ila goti langu bado korofi.

Kweli, waliniambia nichague. Walisema ya ng'ombe ingechakaa baada ya miaka kumi hivi, upasuliwe tena. Nimefuga tangu ujana, najua ng'ombe anavyozeeka upesi. Nikasema chuma hakizeeki, mwekeeni chuma. Mambo ya kuzaa sikuyafikiria.

Lakini usikate tamaa! Daktari mmoja wa Moshi mjini kaniambia siku hizi vali ikichakaa wanaweza kuingiza mpya kupitia mshipa wa pajani, bila kupasua kifua. Muulize wako.

Baba yako, Eliakim

Dodoma, 6 Aprili 2025

Shikamoo. Nimemuuliza.

Hiyo mpya huingizwa ndani ya ile ya ng'ombe iliyochakaa. Ndani ya chuma haiingii. Ningekuwa na ya ng'ombe ningezaa kwanza, hayo mengine baadaye. Siku ile nilikuwa kitandani, macho wazi, wewe unatia saini mlangoni. Hukuniuliza, baba.

Mwanao, Aikande

Kirua Vunjo, 11 Mei 2025

Mwanangu, hujambo? Mimba inaendeleaje? Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimempa kondakta wa basi mkungu wa ndizi na barua hii. Ndani kuna jani la isale, nimelichuma kaburini kwa bibi yako. Unajua Mchagga akiletewa isale hakatai kusamehe. Nisamehe, mama.

Baba yako, Eliakim

Dodoma, 1 Juni 2025

Baba, shikamoo. Ndizi tulizipata, ahsante.

Mtoto alitoka tarehe kumi na nane, akiwa ameshakufa. Wa kike. Fredy ndiye aliyemzika, mimi nilikuwa bado wodini.

Isale lilifika limekauka. Halikataliwi, basi nimekusamehe. Hata safari hii sikuachiwa nichague. Ila Krismasi usinitarajie. Mila haijanilazimisha kukaa mezani kwako, watu wakinyamaza kwa sala, wote tukisikia chuma chako kinavyogonga.

Aikande