Mikono Mitupu Juu ya Jiwe

Mdogo wangu Oneca,

Pokea salamu za kaka yako Galindo, ambaye bado hajafa ingawa wengi wanasubiri. Hujambo? Mumeo na kondoo hawajambo? Na lile goti lako linalolia kabla ya theluji? Mimi mzima, ila meno yamenihama; jibini naimumunya kama mtoto mchanga. Kusoma hujui, kwa hiyo mkalishe mgeni aliyeleta barua hii karibu na moto, mpe maziwa, akusomee. Asiruke kitu.

Unakumbuka kiangazi kile mabonde yetu mawili yalipopatana kule juu mpakani, penye baridi hata jua likiwaka. Askofu Fortún aliweka mkono juu ya jiwe kwa niaba ya mfalme, mkuu wenu akaweka wake juu ya huo, wakaapa kuwa malisho ni yenu. Mimi mtumishi wake nilisimama nyuma nimeshika nyumbu na glavu za Askofu, maana kiapo cha mkono uliovikwa si kiapo, hata watoto wa huku wanajua.

Sasa mfalme anayataka malisho. Juzi alimwita Askofu mbele ya mabwana wote, akamwambia kwa sauti ya asali kwamba siku ile kulikuwa na baridi, bila shaka hakuvua glavu. Akubali hivyo tu, askari wapande. Na zizi lako, Oneca, ndilo la kwanza njiani.

Mzee yule amemposea mfalme mke, amemtoa kwenye vita viwili kwa maneno tu. Lakini ana ugonjwa mbaya kwa mjumbe: uongo haumtoki. Akajibu kwamba alivua, tena vidole vilikufa ganzi. Mfalme akamwita punda mzee. Askofu akasema ni kweli, ndiyo maana amembebea mfalme mizigo miaka yote hii. Mabwana wakaangua kicheko. Mfalme hakucheka. Akampa mpaka Jumapili: akane kiapo, au mkono ukatwe.

Nami wakaniuliza. Nikasema glavu nilikuwa nazo mimi, na ile ya kushoto nilipengea kamasi. Wakanizaba makofi. Nikawauliza kama nirudie, maana walionekana hawajasikia vizuri.

Sasa sikia. Barua hii naiandikia kitandani kwa Askofu, nimevaa joho lake, pazia limefungwa. Walinzi mlangoni wanajua mzee anaumwa. Nakohoa vizuri sana. Wakija kuchukua mkono watakuta wangu, na jibu ni lile lile.

Na wewe unayesoma, usijidai kukwama. Nilikuambia useme unauza sindano, ukagoma, ati ni uongo. Nilikupandisha kwenye nyumbu ukinilaani kwa Kilatini, ukasubiri chini ya dirisha nikudondoshee barua hii. Nilikuambia mkono wako bado una kazi, wangu umechoka kuzoa kinyesi. Haya, vua kofia, umwambie dada yangu jina lako.

Oneca, usimpigie magoti, goti lenyewe bovu. Mpe supu ya dengu. Kesho mumeo amfikishe kwenye jiwe, muwaite watu wa mabonde yote mawili, aweke mkono mtupu na kuapa upya mbele yao. Akishaapa hadharani, hakuna bwana atakayemkopesha mfalme hata farasi kilema.

Nisalimie wote, isipokuwa yule mbwa wako aliyeniuma.

Ni mimi kaka yako,
Galindo,
Askofu mpaka Jumapili.