Fremu Tupu ya Bogusław

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijang'oa misumari ukutani kwa meno. Mume wangu Bogusław, dereva wa tramu mstaafu, amejaza sebule picha za watu mashuhuri wanaoitwa Bogusław kama yeye, askofu, jenerali, golikipa, mpaka mpiga tarumbeta ambaye juzi hata hakumjua, na picha yetu ya harusi akaihamishia chooni eti nafasi haikutosha, nami nikanyamaza nikampikia bigos yake ya kabichi, na katikati ya ukuta ameacha fremu tupu ya Bogusław ajaye, yaani mjukuu wetu. Sasa mtoto kazaliwa, binti yetu Wioletta kamwita Natan, babu mtu akawaka, "Natan ndiye nani? Nionyeshe Natan mmoja mashuhuri!" Wioletta akamjibu kwenye simu, "Baba, mwanangu si picha, usimpigilie misumari." Wiki sita hajamtia mtoto machoni, ubatizo ni Jumapili hii, ameapa haendi na mimi siendi, nami nimeshafuma kofia ya mjukuu nisiyemwona hata kidole. Nifanyeje?

Mke wa Bogusław, Łódź

Bi Halina anajibu:

Pole, mama. Sasa kaa nikukaripie. Mumeo amekosa haya. Jina halidaki mpira wala haliongozi jeshi; hao wa ukutani walitoka jasho wenyewe, naye anataka kitoto cha wiki sita kimtolee jasho lake. Natan ni nani? Amuulize huyo askofu wake! Ni nabii, yumo kwenye Biblia, aliyemsuta mfalme usoni.

Lakini nawe! Harusi yako iko chooni, unakoroga kabichi! Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila chako hata mlio hakina.

Jumapili vaa koti lako zuri, chukua kofia, panda tramu. Aliyeapa ni yeye, wewe hukuapa. Akiuliza unakwenda wapi, mwambie, "Kwa Natan," basi. Akifuata, msogezee kiti. Asipofuata, mwache na golikipa wake, na chakula ajipikie. Ukirudi, itoe ile picha chooni uitie kwenye fremu tupu.

Na lililonikera kuliko yote ni hili. Jina la mumeo umeliandika mara nne, la binti lipo, la mjukuu lipo, hata mpiga tarumbeta kapata nafasi. Siku moja huyo mtoto atataka kujua. Mama, wewe unaitwa nani?