Nani Atamusainia Godelive

Bukavu, tarehe 11 Septemba 2023

Mudogo wangu Cyprien,

Nakusalimia wewe, Carine na watoto. Mimi niko muzima. Kile kikohozi cha mwezi wa nane kimenitoka. Papa anaendelea namna gani? Miguu ingali inamuuma? Tangu aache kuja kuniona, siku za wageni ninabaki jikoni, sifiki hata kwenye lango. Mwambie asijilazimishe kupanda huu mlima. Nitashuka mimi.

Ndiyo sababu ninaandika. Nimekuita kwa simu ya ofisi mara nne, inalia tu. Soeur Monique akaniambia, "Muandikie barua. Simu haiingii katika dosye, faili lako la daktari."

Cyprien, ninatoka. Miaka kumi na miwili katika hospitali ya masista inatosha. Daktari anasema tangu mwaka wa 2018 sijasikia sauti hata moja, na dawa ninameza bila kusukumwa. Sasa kuna mradi wa kutusindikiza sisi tunaotoka. Hawatutupi barabarani. Kuna assistante sociale, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, jina lake Eulalie, atanitembelea kila Jumanne. Dawa nitapewa kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Na mkate ninaooka hapa nitaendelea kuuoka nje pamoja na wenzangu. Wanachotaka kwanza ni mtu wa jamaa asaini kwamba ananipokea. Mistari mitatu na sahihi, basi.

Sijasahau habari ya pazia. Carine alikuwa na mimba ya Glody, na mimi niliwasha moto kwenye pazia, ndani ya nyumba, nikidhani ninafukuza watu. Ana haki ya kuniogopa. Nitakuja kwanza mchana mmoja, nikae nje kwenye barza, anione tu, kisha nirudi. Anaweza kunitazama kutoka dirishani kama anapenda.

Chumba cha nyuma kinamtosha dada yako mkubwa.

Yaya wako,
Godelive


Cimpunda, 2 Octobre 2023

Yaya mupendwa,

Jina la Bwana litukuzwe. Barua yako nimeipata kwa mukono wa yule assistante sociale. Sisi wote tuko salama, watoto wako ku masomo, Carine anakusalimia. Papa iko, anaendelea polepole, unajua mambo ya uzee. Anakuombea.

Yaya, juu ya afya yako nimefurahi kabisa. Usifikiri kama sielewi. Ku bureau yetu ya ONG, shirika la kusaidia watu, tunazungumuza kila siku juu ya inclusion, ni kusema kupokea katika jamii watu wenye magonjwa ya akili. Juzi nilitoa exposé mu atelier, mbele ya watu makumi ine, wakapiga mikono.

Lakini situation ya nyumba iko nguvu, nafasi hakuna. Chumba cha nyuma kimejaa vitu. Glody anajitayarisha kwa mutihani wa kumaliza primaire, anahitaji utulivu. Na pale kwa masista uko na chakula, uko na misa, uko na wenzako. Huku Cimpunda watu ni wengi, makelele ni mengi, utachoka na ugonjwa utarudi. Tungojee Pasaka, tutaona. Usikose dawa.

Mudogo wako,
Cyprien


Bukavu, tarehe 17 Oktoba 2023

Mudogo wangu,

Amani iwe kwenu. Mimi sijambo. Mutihani wa Glody ni wa mwezi wa sita, na wewe unaniambia Pasaka. Nilifundisha darasa la tatu miaka minane, najua mtoto anayetafuta sababu ya kutokuja shuleni.

Sikukasirika. Eulalie atakuja nyumbani kwenu kuona mahali, ndiyo utaratibu wao. Mpokeeni vizuri. Nitampa mkate wa maziwa wa papa. Msimpe papa pamoja na kitu kingine, anapenda kuuchovya katika chai peke yake. Umwambie ni mimi nilioka, si masista.

Yaya wako,
Godelive


Bukavu, tarehe 9 Novemba 2023

Cyprien,

Leo sikusalimii.

Eulalie alirudi jana na mkate ungali umefungwa. Nilidhani hakumkuta mtu. Akaniomba nikae, halafu akaniambia.

Alisema Carine alimfungulia kwa heshima, akampa kiti. Eulalie akamwambia, "Naomba nimusalimie muzee kwanza." Carine akaangalia chini. Picha ya papa ilikuwa ukutani, na chini yake tarehe 4 Juni 2022. Carine akamuuliza, "Kumbe Godelive hajui? Cyprien aliniambia alimujulisha." Hata Carine, mke wako, ulimdanganya. Akaingia chumbani, akatoka na kile kikaratasi mlichogawa kanisani siku ya mazishi, akamwambia aniletee.

Ninacho hapa. "Ameacha watoto wawili, Cyprien na Parfait."

Parfait alitoka Shabunda kwenye machimbo, siku ngapi njiani, akafika kumzika papa. Mimi niko nusu saa kwa pikipiki.

Nimechukua tena barua yako ya tarehe mbili Oktoba. Umeandika, "Anakuombea." Labda hapo tu hukusema uongo.

Nataka ujue nilivyofanya, kwa sababu najua utauliza. Sikuvunja kitu. Sikumpiga mtu. Nililia, kwa sauti, kama mwanamke aliyefiwa na baba yake. Muuguzi akaandika katika dosye yangu kwamba nimechafuka akili tena, akataka kuniongezea dawa. Soeur Monique ndiye aliyemkataza. Alimwambia, "Huyu hana ugonjwa leo. Huyu ana kilio." Mkate tuliula mimi na Bulonza, rafiki yangu wa kitanda cha pili. Papa hakupenda chakula kitupwe.

Sasa niambie kwa nini. Na usaini ile karatasi. Ni kitu kidogo sana kuliko ulichonifanyia.

Yaya wako, niliyekubeba mgongoni,
Godelive


Cimpunda, 26 Novembre 2023

Yaya,

Salamu katika Bwana. Naandika na uchungu mu roho.

Tulifanya vile kwa ajili ya afya yako. Docteur alikuwa anasema kila mara usipate mshituko. Na ufikirie ile siku. Kanisa ilijaa, wazee walitoka Walungu, chef wangu wa kazi alikuja na delegation nzima. Ungeanguka pale, ao ungeanza kusema maneno, watu wangesahau papa na kukuangalia wewe. Ile karatasi ya kanisa nilitengeneza mbio mbio. Watu wa kazini hawakujua kama niko na dada, na ile haikuwa siku ya kuanza kueleza.

Sitakuficha kitu tena. Siku tatu mbele ya kufa, papa aliuliza, "Godelive ameshafika?" Nilimwambia uko njiani. Aliuliza tena kesho yake. Mimi pia nabeba ile kitu, yaya, usifikiri ni wewe peke yako.

Juu ya kusaini, hapana. Nimemuandikia docteur kama ndugu na kama mutu wa kazi ya kusaidia, nimemuomba asikuharakishe. Nimemueleza kama bado uko hatari kwako mwenyewe na kwa wengine. Ni kwa mapendo. Siku moja utanishukuru.

Nakutakia Noeli njema mbele ya wakati.

Mudogo wako,
Cyprien


Cimpunda, 14 Juillet 2024

Yaya mupendwa sana,

Nakusalimia sana sana. Uko namna gani? Dawa unapata? Siku nyingi hatusikilizane. Mimi nilikuandikia ku Pasaka, barua ikarudi. Juma lililopita nilipanda mwenyewe kwa masista, mara ya kwanza tangu siku nyingi, nakubali. Wakaniambia ulitoka mwezi wa pili. Hawakutaka kunionyesha unakaa wapi. Mimi mudogo wako kabisa, wananifanya kama mwizi. Nimemuachia Eulalie hii barua.

Watoto wanakua. Glody alipita mutihani, na asilimia makumi saba na mbili. Carine anakukumbuka.

Yaya, kuna jambo la familia. Tumepata mutu wa kununua parcelle ya papa, kiwanja na hii nyumba tunamokaa, anataka kuweka dépôt ya simenti, juu ya vile iko kandokando ya barabara. Sisi tutajenga upande wa Walungu, mahali pana hewa nzuri. Parfait amekubali. Lakini ku ofisi ya commune wanasema karatasi ya papa iko na watoto watatu, na wewe ndiye wa kwanza. Papa alienda mwenyewe kuandikisha vile, mwaka wa 2019, hatukujua. Wanataka signature yako. Tena, kwa sababu walisikia ulikuwa kwa masista, wanataka docteur aandike kama uko na akili timamu.

Nakuomba umuombe aandike. Wewe mwenyewe umesema ni miaka mingi umepona, na mimi naamini. Ile barua yangu ya mwaka jana, aiondoe mu dosye. Niliiandika na uchungu wa kilio.

Uniambie siku, nitakuja na gari ya bureau kukuchukua. Tutakula pamoja, kama zamani.

Mudogo wako anayekupenda,
Cyprien


Bukavu, tarehe 3 Novemba 2024

Cyprien,

Nakusalimia. Niko muzima. Hongera kwa Glody, umwambie imetoka kwangu kama mnaweza kutaja jina langu.

Nimekaa na barua yako karibu miezi minne. Nilitaka kwanza nijue nitakujibu nini, na mambo hayakunipa nafasi.

Aliyenisainia ni Maman Elodie, mjane anayeuza mkate wetu soko la Kadutu. Hatuna damu moja, lakini daktari alimkubali. Eulalie alimsomea mistari mitatu, akauliza, "Ni hii tu?" akasaini, akarudi kwa wateja wake. Nilipewa chumba pamoja na Bulonza. Asubuhi ya kwanza nilijitayarisha kwenda sokoni, nikasimama ndani ya mlango nikingoja mtu aje anifungulie. Nilisimama muda mrefu. Bulonza ndiye aliyeniambia, "Godelive, ufunguo uko kwa mkono wako."

Tuliishi vizuri hadi mwezi wa tisa. Halafu dawa ya Bulonza ikakosekana kwenye kituo cha afya, wiki moja, mbili, tatu. Kila Jumanne Eulalie alikuja na mikono mitupu, akituomba msamaha kama vile yeye ndiye anayetengeneza dawa. Siku moja Bulonza akatoka bila viatu, wakamkuta mbali kwenye njia ya Walungu, watu wamemrushia mawe. Sasa amerudi kwa masista. Nilipoenda kumwona, alinitazama kama mtu asiyenijua. Kwa hiyo usifikiri kwamba huku nje ni paradiso. Uliposema nitachoka, ulisema kweli. Lakini ulisema ili nisije, si ili nisichoke.

Mradi unaisha tarehe 31 Desemba. Waliotoa msaada wamepeleka macho pengine. Eulalie mwenyewe bado hajui atafanya kazi wapi. Chumba ninachokaa ni cha mradi, kinakwenda pamoja nao.

Jumapili iliyopita nilikuja Cimpunda baada ya misa. Nilivaa vizuri. Carine aliniona nikikata kona, nikasikia anaweka kufuli. Nilikaa kwenye barza kama nilivyokuwa nimesema zamani, ili anione tu. Mtoto wenu mdogo akauliza kutoka ndani, "Ni nani?" Nikasema, "Ni shangazi yako Godelive." Akasema, "Sina shangazi." Hakusema kwa ubaya. Alisema anachojua. Nilikaa hadi jua likawa kali, nikaondoka bila kugonga.

Sasa jibu langu. Daktari ameandika. Karatasi inasema niko na akili timamu na ninaweza kusaini kitu chochote. Ile barua yako hakuitoa katika dosye. Alisema barua ya mtu aliyeandika vile kama ndugu na kama mtu wa kazi ya kusaidia lazima isomwe na wote watakaokuja. Niliipeleka karatasi ya daktari ku commune mimi mwenyewe. Chef wa ofisi aliniuliza maswali matatu, nikamjibu. Nikamwambia mbele ya karani wake kwamba siuzi, na kwamba sahihi yoyote ya Godelive isiyowekwa nikiwa nimesimama pale ni ya uongo.

Mwaka jana nilikuomba unipokee, ukakataa, na ulikuwa na uwezo wa kukataa. Mwaka huu siombi. Tarehe mbili Januari ninahamia katika nyumba ya baba yetu. Ondoa vitu katika chumba cha nyuma. Mwambie Carine sitagusa jiko lake hadi mwenyewe aniite, na kama anataka dawa zangu zikae kwake, anipe asubuhi na jioni, nitameza mbele yake. Mwambie yule mtoto ukweli mbele ya siku hiyo, asishituke.

Hatutapendana, Cyprien. Lakini watu wengi wanaishi nyumba moja bila kupendana, na hakuna anayewaita wagonjwa.

Eulalie alisema hatapokea mshahara tena tarehe hiyo, ila atanisindikiza hadi mlangoni.

Mtoto wa kwanza wa Muzee Zagabe,
Godelive