Sprinkla za Fundi Maganga

Mtani wangu Fundi Maganga,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai uliitikia kichwa kikiwa kimezama kwenye mtaro, na mtu hakusikii.

Tangu tukuzike hapa nyumbani kwako Mikumi, habari kubwa ni ule ukoka wako. Ulituachia mabomba yamefukiwa, koki zimefungwa, sprinkla ya kunyunyizia hata moja hakuna. Ulisema utazichagua ukipona. Basi mkeo, Mama Zawadi, akawa anamwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni, na mgongo wake unaujua. Kaka yake akaja kutoka Rudewa kumchukua. Mama akamjibu kwamba atakaa na ukoka uliopanda wewe mpaka ukauke. Ukikauka, atafunga virago amfuate. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza na nusu ya uwanja ilikuwa imegeuka rangi ya mkeka.

Nikasema kazi hii ni yangu. Nani mwingine? Wewe Mnyamwezi, mimi Mluguru, na bado ulinifundisha ufundi bomba huku ukidai sisi watu wa milimani hatujui thamani ya maji kwa sababu yanatushukia yenyewe.

Nilianza ulivyokuwa ukisema: "Usimuulize mwenye nyumba anapenda ipi. Yaulize maji yana nguvu gani." Nikatega ndoo, nikaangalia inavyojaa. Mnara wa tangi lako ni mfupi na presha yake ni ya kinyonge. Kwa hiyo zile kubwa zinazozunguka na kurusha maji mbali nikaachana nazo. Zingeishia kutema mate. Nikachagua ndogo za kupuliza, aina moja tu kwenye laini nzima, maana ukichanganya, za kupuliza zinamwaga haraka na za kuzunguka zinamwaga taratibu, upande mmoja unapanda mpunga na mwingine unakula vumbi. Nikazipanga maji ya kila moja yafike miguuni mwa mwenzake.

Mpaka hapo ungenisifu, ingawa kusifu hukuzoea. Kosa langu, nilichukua zile za kusimama juu ya kijiti cha bomba, kama tulizokuwa tukifunga kule Kilosa na Kilangali. Nikasahau majirani zako wa hapa ni nyani. Asubuhi tulikuta wamezing'oa zote. Dume moja limekaa juu ya tangi, limeshika sprinkla, linaigeuzageuza na kukunja uso. Mama Zawadi akasema, "Maganga karudi kukagua kazi." Mtani, nisamehe, mnafanana.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka tangu siku ya mazishi, nilipovaa ovaroli yako na mabuti yako, kama inavyompasa mtani, nikawa nazunguka katikati ya waombolezaji nafoka: nani kachimba shimo hili, na pima maji yake iko wapi? Wajomba zako walilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nililia baadaye, nilipovivua.

Nikarudi dukani Magomeni, kule Kilosa, nikachukua zile zinazolala ardhini. Maji yakija zinachomoza, yakikatika zinarudi shimoni, na nyani anapita juu yake haoni cha kushika. Kandokando ya ukuta nikaweka za nusu duara, kwenye kona za robo, nyumba isilowe bure.

Ikabaki moja, ile iliyo jirani na kaburi lako. Ufundi unasema nusu duara, maji yaishie kwenye ukoka na saruji ibaki kavu. Nilikuwa nimeshaikaza Mama alipokuja kuniuliza mbona hii haifiki kwa mzee. Nikamweleza kitaalamu kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema taratibu:

"Weka ya duara zima, mwanangu. Maisha yake yote alirudi kwangu amelowa. Akiwa mkavu nitamjuaje?"

Nilijifanya natafuta spana, nayo ilikuwa mkononi. Nikaifungua ile ya nusu, nikaweka ya duara zima.

Sasa ukoka umeshika mpaka ukutani. Kaka wa Rudewa kapigiwa simu kwamba akija, aje kutembea tu. Kila asubuhi Mama anafungua koki mwenyewe, anaketi kwenye kigoda chake na chai, anakuangalia unavyolowa. Nakukumbuka sana, Fundi. Nikiwa mtaroni bado nageuka nikuulize jambo.

Kwaheri, mtani. Nakuahidi nitakuwa nakuja kuosha vichujio vya sprinkla, mchanga usizizibe, na mradi nina mikono, maji ya asubuhi hayatakukosa. Ukisikia baridi usinilaumu mimi. Mkeo ndiye aliyeagiza.

Mwanafunzi wako,
Tatu