Fulana ya Baba Imefuliwa

Xiaobei, Guangzhou, China

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana si ya kusoma umesimama. Miguu je, imepungua kuvimba? Mimi homa imeniacha, nakula, na jana nimekwenda soko la nguo la Shisanhang kuchukua mzigo wa magauni.

Ulinitumia ujumbe kwamba eda imekwisha na unataka nikurudishie fulana ya marehemu Baba. Siku tatu sijakujibu. Mama, fulana imefuliwa.

Tulia kwanza nikueleze. Baba alizikwa kabla sijapata hata tiketi, ukanitumia huku ile fulana aliyoivua siku yake ya mwisho tanurini, umeifunga kwenye nailoni isipoteze harufu. Nguo zake nyingine zote zilishafuliwa zikagawiwa, hiyo ukaificha. Basi nikirudi dukani naifungua kidogo, nanusa, nafunga. Jasho lake, moshi, na unga wa mikate yake ya mofa. Nilikuwa nalia mpaka naridhika.

Wiki ile ya homa nililala nayo. Ninayepanga naye, Bi Vesna, mama wa Kibulgaria anayefundisha chuoni asili za maneno, akanihurumia. Nilipoingia kuoga akakusanya mashuka na kila kilichokuwa kitandani, akatia kwenye mashine. Natoka, naiona inaning'inia dirishani, nyeupe pe! Nilipiga yowe mpaka jirani Mchina akaja kugonga mlango.

"Ilikuwa na jasho," akaniambia kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. "Nilidhani ni lako."

"La baba yangu! Alikuwa mwoka mikate, amekufa!"

Akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule. Baadaye, nadhani kwa kutaka kunifariji kwa anachokijua, akanieleza kwamba Waslavu wa kale, mababu wa Wabulgaria, Warusi na wenzao, jasho waliliita potu. Hawakujua kuandika, kwa hiyo hakuna aliyelikuta kwenye karatasi. Wasomi wamelirudisha kwa kulinganisha lugha za wajukuu. Na wengi wao wanaona limetoka kwenye neno la zamani zaidi, la kupika na kuoka. Jasho ni joto la moto lililomtoka mtu.

"Wale wazee wangemwelewa baba yako," akasema.

Nikamjibu kwa ukali, Mungu anisamehe: "Neno la watu waliokufa zamani mmeweza kulirudisha. Haya, nirudishie na harufu ya baba yangu!"

Akalia. Tukalia wote wawili, chai ikapoa mezani.

Simchukii, Mama. Hasira zangu ni juu ya nafsi yangu. Wewe ulijinyima kitu cha pekee ulichobaki nacho, mimi nikakiacha kitandani ovyo. Nilifikiria kukwambia imepotea, nikashindwa kukudanganya. Nisamehe.

Nisalimie kaka anayeshika tanuri sasa, na shangazi aliyekaa nawe eda yote. Wajukuu wako wabusu kwa niaba yangu.

Fulana nimempa shoga yangu Mwanaidi, anasafiri Ijumaa. Nimeifunga kwenye nailoni ileile. Akikukabidhi, Mama, usiifungue mbele ya watu.

Mwanao anayekulilia,
Zuwena