Kamba ya Kubeba Mti wa Tanga

Jumatano, baada ya isha

Bega bado linauma, lakini sitampa Omari raha ya kujua. Tangu juzi ule mti wa chini wa tanga uniangukie nikishusha tanga peke yangu, mwanangu huyu hana neno jingine: "Mama, umezeeka. Mashua niachie mimi." Mpunga wangu kule shambani Mbwera nitaufikiaje? Ningoje kupakiwa kama gunia?

Leo nimefunga kamba kutoka kichwa cha mlingoti mpaka ncha ya ule mti, iubebe tanga likishuka. Kwanza niliifupisha mno, tanga likalegea, halishiki upepo. Omari akacheka bandarini: "Mama, unaanika nguo?"

Nikamwambia funga domo lako. Nikailegeza shubiri moja, nikazunguka mtoni, nikarudi, nikashusha tanga mbele ya macho yake. Mti ukaning'inia juu, haukunigusa.

Akaivuta ile kamba mara mbili, ikashika.

Naogopa, sikatai. Ikikatika nikiwa peke yangu huko mtoni, nani ataniokota... Lakini woga ni wangu, na mashua ni yangu. Kesho maji yakianza kupwa naondoka kwenda Mbwera. Omari nimemwachia kuku awalishe.