Mgeni Asiye na Kadi

Mabawa, Tanga
Jumapili

Kaka yangu Faris,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai nyote hapo Mkwaja hamjambo, wewe, wifi na Baba. Mimi mwili hauna neno. Kinachoniumiza ni kazi.

Unajua nasimamia kadi za kuingilia jengo letu la serikali pale Usagara, pamoja na fomu za upekuzi wa wafanyakazi. Kaka, nimechoka. Fomu inauliza jamaa walio nje ya nchi. Mzee Saud wa masijala kaorodhesha ishirini na saba wa Maskati, na bado kaomba karatasi ya nyongeza. Mlangoni ndiyo usiseme. Kila mtu anatakiwa apitishe kadi yake, lakini mmoja akifungua anaushika mlango wapite watano, shikamoo, marahaba, kwani nani amfungie mkubwa wake? Nikiwakumbusha naambiwa sina adabu.

Juzi mkaguzi katazama kamera ya ghorofani, kaona mzee mgeni ndani ya chumba cha mafaili ya siri. Saud huuacha mlango wake wazi kwa kiti, eti joto. Aliyemfungulia mlango wa chini hakujulikana. Mashine inayosoma kadi haikuonyesha jina. Basi lawama zikamwangukia Laurenti, askari wa getini, akasimamishwa kazi. Alinijia na mkewe Elizabeti. Akasema alimzuia mzee huyo, akaenda kupokea gari la mizigo, na aliporudi hakumkuta. Akaniomba niitazame tena mashine, kwa kuwa ananiamini.

Kaka, mzee yule ni Baba. Alikuja kunisalimia akiwa na kikapu cha madafu, nikamkuta kakalishwa kwenye benchi juani. Nilishindwa kumwacha nje. Nilimfungulia kwa kadi yangu, naye akapotea akitafuta maliwato. Jina kwenye mashine lilikuwa langu, na nililifuta mimi, ninayewakaripia wenzangu kila siku. Nimeona haya hata kumtazama Elizabeti.

Maelezo nimeshaandika. Kesho asubuhi nampelekea mkurugenzi, Laurenti arudi kazini. Mimi sidhani kama nitabaki.

Nisalimie wifi na watoto. Nasikia Baba anawasimulia watu msikitini kwamba bintiye akigusa tu, milango ya serikali inafunguka. Usimkatize. Ijumaa nakuja, nitamwambia mwenyewe.

Mdogo wako,
Ghadir